Maji ya kumkorogea mtoto uji: gumzo la kikundi cha ukoo, Maji ya Chai (Arusha) na Moshi

Mama Baraka: Shikamooni wakubwa. Bomba limetoa tangu asubuhi ila maji yananuka dawa, chai hainyweki. Nimeamua kuhamia kwa jirani aliyechimba kisima kirefu. Maji meupe, baridi, hayana harufu hata kidogo! Nachemsha ndiyo namkorogea Baraka uji. Mwenye shida ya maji aje tuchote.

Babu: Marahaba mjukuu wangu. Mtoto ana miezi mingapi sasa?

Mama Baraka: Saba, Babu. Uji ameupokea vizuri sana.

Shangazi wa Moshi: Marahaba mwanangu. Nakuomba sana, maji ya hicho kisima usimpe mtoto mpaka yapimwe floraidi. Leo hii acha.

Joel: Shangazi shikamoo. Lakini si anachemsha?

Shangazi wa Moshi: Marahaba Joel. Kuchemsha kunaua vijidudu, na hilo aendelee nalo. Floraidi siyo kidudu, ni madini. Inatoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru, maji yakipita huko chini yanaibeba. Ukiyaweka jikoni mvuke unaondoka, floraidi inabaki yote sufuriani, kwa hiyo kadiri unavyochemsha ndivyo inavyokolea. WaterGuard, ile dawa ya kutibu maji, nayo haiigusi. Wala kile kichujio cha mshumaa mlichoniletea Krismasi hakiitoi. Na mwanangu, haina rangi wala harufu, ndiyo maana weupe wa maji usikupe moyo. Miaka niliyofanya kazi kliniki nimepokea kina mama wengi wanaosugulia watoto meno yenye madoa ya kahawia kwa mkaa na chumvi wakidhani ni uchafu, kumbe ni floraidi. Haitoki! Jino linaharibika likiwa bado ndani ya fizi, na meno ya ukubwani yanajengeka huko tangu uchanga mpaka kama miaka minane. Baraka yuko ndani ya miaka hiyo hiyo.

Babu: Meno yangu mnayajua. Tulikunywa maji ya mto na visima vya huku. Nilipokwenda kusoma Tanga mwalimu aliniita pembeni akaniuliza nimeanza lini kuvuta sigara. Tangu hapo nikawa nacheka nimefunga mkono mdomoni. Binamu yangu wa Ngarenanyuki yeye iliingia mpaka kwenye mifupa, miguu ikapinda, uzeeni hata kuinama kufunga viatu hakuweza. Mtoto huyu asipitie huko.

Mama Baraka: Babu umenitisha jamani. Sasa nishike lipi? Lile la bomba si linanuka?

Shangazi wa Moshi: Hiyo dawa ni klorini, inawekwa makusudi iue vimelea vya kipindupindu na kuhara njiani mpaka kwako. Ukinusa kidogo bombani ujue ulinzi bado upo. Yachote, funika ndoo kwa kitambaa safi, yalale. Asubuhi harufu imepungua sana. Cha kuogopa ni bomba likitoa maji ya udongo baada ya mvua au baada ya kupasuka. Hayo yamwage mpaka yatoke safi, na ya kunywa chemsha hata yakiwa meupe.

Joel: Ila bomba nalo kwa huku Arusha lisiaminiwe kwa macho. Floraidi inaweza kuwemo hata huko, inategemea chanzo. Nchi hii zamani iliruhusu mpaka miligramu 8 kwa lita vijijini kwa sababu maji mengine hayakuwepo. Siku hizi kiwango ni 1.5, sawa na cha Shirika la Afya Duniani. Mamlaka ya maji ina maabara, mteja ana haki ya kuuliza bomba la mtaa wake linasoma ngapi. Mimi nitaenda kuuliza.

Mjomba Usa: Na wale wa Ngurdoto? Si wanachuja kwa mifupa?

Joel: Ndiyo mjomba, kituo cha Ngurdoto. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuru lenye hewa kidogo mpaka inakuwa kama mkaa, halafu maji yanapitishwa humo. Inashika floraidi kweli. Ila ikishashiba haishiki tena, lazima ibadilishwe, na watu wengi hawabadilishi. Yuko pia Dkt. Askwar Hilonga wa Chuo cha Nelson Mandela hapa hapa Arusha, kichujio chake kilishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015.

Shangazi wa Moshi: Kwa mtoto njia nyepesi ni mvua, karibu haina floraidi. Masika ndiyo hayo yameanza. Bati lenu ni zuri, mnakosa mfereji tu. Mvua ya kwanza iacheni ioshe bati, ndipo mkinge, mfunike, na ya Baraka mchemshe. Hayo yawe ya uji na ya kunywa tu. Kufua, kuoga, kupiga deki, tumia ya kisima bila wasiwasi. Na nyonyesha mwanangu, maziwa yako yana floraidi kidogo mno hata kama wewe unakunywa maji ya huko.

Shangazi wa Moshi: Nimesahau magadi! Akianza kula makande na maharage msimwekee magadi, yana floraidi nyingi. Chai ya rangi pia asipewe, majani yenyewe yanayo.

Bibi: Makande bila magadi yataiva saa ngapi?

Shangazi wa Moshi: Mama, loweka mahindi na maharage usiku kucha. Yataiva.

Babu: Mfereji wa bati nitalipa mimi. Fundi aje Jumamosi. Na jirani aelezwe kwa heshima, watoto wa mtaa mzima wanachota pale.

Mama Baraka: Asante sana Babu, asante shangazi. Jirani nitamfuata mwenyewe jioni, ni mtu muelewa. Joel, sampuli tunabeba kwenye nini?

Joel: Chupa ya plastiki safi, siyo ya kioo. Isuuze mara tatu kwa maji yale yale kabla ya kujaza. Moja ya bomba, moja ya kisima, andika kwa kalamu ya wino ipi ni ipi. Napita kwako kesho saa moja asubuhi.

Mjomba Usa: Na mimi nakuletea ya kwangu hapo njiani, Joel. Nisubiri kituoni.