Naomba ushauri: dawa ya chupa ya kahawia kwa meno, harusi ni Mfungo Mosi

BintiKisauni: Assalaam aleikum ndugu zangu. Harusi yangu ni Mfungo Mosi, Mungu akijaalia, na sasa tuko Rajabu. Meno yangu yamekuwa manjano kwa kahawa chungu ya kila jioni na chai ya rangi tangu utotoni. Leo nimenunua haidrojeni peroksaidi duka la dawa Kongowea, ile ya kuoshea vidonda, imeandikwa asilimia 3. Shoga yangu wa saluni asema hiyo ni maji tu, ataniletea ya kwake ya nywele, namba 40, nipake kwa pamba usiku mmoja kazi iishe. Mama amenikataza. Kuna aliyewahi kutumia? Nataka kucheka siku ile bila kufunika mdomo kwa mtandio.

MkaziWaMajengo: Bibiye, msikize mama. Mimi nilipaka ya saluni, namba 20 tu. Fizi ziligeuka nyeupe kama chokaa, zikawaka usiku kucha, kisha zikabambuka. Siku nne hata maji ya mtungini yakinitia ganzi hadi utosini. Meno yaling'aa kidogo, sitakuficha, lakini sirudii.

MuuguziLikoni: Dadangu, nafanya kazi kliniki ya meno, kwa hivyo soma hadi mwisho. Namba ya saluni si asilimia. Namba 20 ni asilimia 6, 30 ni 9, 40 ni 12. Shoga yako akupa kitu chenye nguvu mara nne ya chupa yako, tena kilichotengenezewa nywele. Ulaya, tangu 2012, dawa ya kung'arisha meno ikizidi asilimia 6 haiuzwi kabisa, ikizidi 0.1 lazima ipitie kwa daktari wa meno, na aliye chini ya miaka 18 hapewi.

Dawa hii haikwangui. Hutoa oksijeni inayopenya ndani ya jino na kuvunjavunja rangi iliyojificha humo. Basi na penye jino lililotoboka au ufizi wenye kidonda hupenya vilevile, na hapo utalia. Ukitaka kusukutua kwa hiyo ya 3, ichanganye na maji kiasi sawa, dakika moja, tema yote, suuza. Usimeze. Ukisikia ganzi, acha.

Lakini nikwambie kweli, dakika moja ya kusukutua haibadilishi rangi ya maana, kwa sababu dawa haikai kwenye jino. Ya daktari ni jeli, huwekwa kwenye kikinga cha plastiki kilichotengenezwa kwa kipimo cha meno yako, ukalala nayo wiki mbili hivi. Na jeli ya kabamaidi peroksaidi, dawa ya jamii hii hii, ikiwa ya asilimia 10 nguvu yake ni kama asilimia 3.5 ya hii yako. Kinachofanya kazi ni muda, si ukali. Na kabla ya yote utolewe ukoga. Nimeona wengi ukoga ukishatoka waridhika na meno yao yalivyo.

ShangaziMjiWaKale: Mwanangu, wakikwambia usugue kwa ndimu na bekingi soda, kataa, ndimu hula jino. Nunua mswaki wa mti, ule wauzwao nje ya misikiti huku kwetu, tafuna ncha hadi iwe nyuzi, sugua taratibu. Rangi ya ndani hautaigusa, ila madoa ya juu utayapunguza. Na ukishamaliza kahawa, sukutua maji hapo hapo.

KakaBamburi: Mwenye jino la bandia au lililozibwa mbele ajue hayo hayabadiliki rangi hata kwa jeli ya daktari.

BintiKisauni: Shukran sana. Kuna jambo sikulisema kwa haya. Jino moja la mbele, juu kushoto, ni la kijivu. Nilianguka ngazi za madrasa nikiwa na miaka tisa. Haliumi. Dawa italifikia?

MuuguziLikoni: Umefanya vizuri kusema, dadangu. Ukipaka kwa nje, mengine yatakuwa meupe na hilo litazidi kuonekana. Huenda mshipa wake ulikufa baada ya kuanguka, damu ikaacha rangi ndani. Kutouma si dalili ya uzima. Usaha waweza kukaa mzizini kimya miaka mingi. Lipigwe picha kwanza. Kama limekufa, mzizi husafishwa na kuzibwa, kisha dawa ya jamii hii hii hutiwa ndani ya jino kupitia nyuma, na huwa linarudi rangi vizuri. Hadi Mfungo Mosi muda watosha, lakini usingoje Ramadhani. Nenda wiki hii.

BintiKisauni: Nimemwambia shoga asilete kitu. Jumatatu saa mbili asubuhi naenda na mama kupigwa picha. Chupa ya asilimia 3 nimeiweka juu ya kabati, ya vidonda, mbali na watoto wa dada. Majibu ya picha nitayaweka hapa.