MJADALA: Ugali wa sembe tuliuchagua wenyewe, au tulichaguliwa?

Wakuu, naileta hoja hii mezani kwa sababu kila lishe inapotajwa nchini watu hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linasema Watanzania hawajui kula: wameutupa mtama na uwele, wameikimbia dona, wanashindilia sembe, basi wapewe elimu. La pili linajibu kuwa ugali mweupe ndio utamaduni wetu, waachwe. Mimi nasema wote wanamshika mlaji kooni wakati mambo mengi yalishaamuliwa kabla unga haujafika jikoni. Yaliamuliwa shambani, mashineni na kwenye bei.

Tuanze na huo utamaduni. Mahindi asili yake ni Mexico, na huku kwetu yalikaa muda mrefu kama zao la pembeni tu. Mtama, uwele, ulezi na ndizi ndivyo vilivyobeba kaya nyingi, kila sehemu kwa hali yake ya hewa. Wakati wa ukoloni, manamba wa mashamba ya mkonge walipewa posho ya unga wa mahindi, kwa sababu ulikuwa rahisi kununua kwa wingi, kupima na kugawa. Baada ya uhuru serikali nayo ikasukuma. Miaka ya 1970, Shirika la Usagishaji la Taifa (NMC) lilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima, hivyo mkulima wa Ruvuma au Rukwa hakubeba gharama ya umbali wake kutoka Dar es Salaam. Mjini, sembe ilikuwa na ruzuku hadi 1984. Sasa niambieni: mtu wa mjini apate sembe kwa bei ya ruzuku, aende kutafuta uwele wa kutwanga ili iweje?

Wanaokumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanaujua ugali wa Yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada. Watu waliula kwa kununa. Mahindi yale ya njano yana karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na meupe hayana. Lakini yalikuja na sura ya njaa, na chakula kikishabeba aibu, elimu ya lishe peke yake haiisafishi. Hapo nawapa haki yao watu wa utamaduni: hisia zina nguvu. Ninachobisha ni kudai kwamba hisia hizo hazina historia.

Wanaopiga debe turudi kwenye mtama, naomba wazungumze na mtu aliyeulima. Suke la mtama liko wazi, punje zinamwangalia ndege. Kwelea kwelea wakishuka Dodoma au Singida, shamba linaisha mbele ya macho yako. Ndiyo maana mtama una kazi ya kuamia: mtu yuko shambani kabla jua halijatoka, ana kombeo au debe la kugonga, na habanduki mpaka ndege warudi kulala, siku baada ya siku hadi mavuno. Kazi hiyo walikuwa wakiifanya watoto. Watoto sasa wako shule, na hapo ndipo wanapotakiwa kuwa. Hindi limevikwa maganda yake, halihitaji mlinzi wa ndege. Mkulima anayehamia mahindi kwenye ardhi isiyo na mvua ya kutosha anajua fika kwamba anacheza kamari. Anapiga hesabu ya mikono aliyonayo nyumbani.

Twende mashineni, maana hapa ndipo sembe na dona vinapoachana. Dona ni punje nzima, inasagwa na kiini chake. Sembe inakobolewa kwanza: ganda na kiini vinatoka, vinakuwa pumba, na pumba zinaenda kwa ng'ombe na kuku. Sehemu kubwa ya mafuta, vitamini za kundi B na madini inaondoka na gunia hilo la pumba. Kwa nini basi mfanyabiashara anapenda sembe? Kwa sababu mafuta ya kiini ndiyo yanayoufanya unga wa dona uchache na kuwa mchungu mapema. Sembe inakaa dukani. Mwenye duka hakai kuwaza kuhusu vitamini zenu, anawaza mzigo usimwozee.

Ila watetezi wa dona nanyi msikimbilie. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka, hujikusanya zaidi kwenye ganda na kiini, kwa hiyo kukoboa hupunguza sehemu yake. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Kumhimiza mama ale dona ya mahindi yaliyoanikwa chini na kuhifadhiwa yakiwa na unyevu ni kumpeleka pabaya. Dona salama inaanzia kwenye turubai la kuanikia na ghala kavu, na vitu hivyo vinahitaji fedha kuliko semina.

Kuna mwenzetu aliyesema mjadala wa namna hii ni anasa, tuzalishe chakula kingi kwanza, mengine yatajipanga. Namwomba aangalie Iringa. Ni mkoa unaolisha wengine. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Iringa ilikuwa karibu asilimia 57, ikifuatiwa na Njombe na Rukwa, kila mmoja ukiwa karibu asilimia 50. Magunia yamejaa ghalani na mtoto anapewa uji mwepesi wa mahindi matupu, mama yuko shambani tangu alfajiri, maharage na mayai yameuzwa kulipia mbolea. Huyo mama anajua vizuri kwamba yai ni chakula kizuri. Hata uongezaji wa virutubishi kwenye unga, ambao una kanuni zake tangu 2011, unawafikia zaidi wanunuzi wa unga wa viwanda vikubwa. Anayesagisha debe lake kwenye mashine ya kijijini anapata alichopeleka, kikiwa kimepungua.

Pendekezo langu ni hili, na ndilo ningependa tulibishanie. Serikali ndiyo mnunuzi mkubwa, itumie mfuko wake. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ununue mtama na maharage kwa kiwango kinachoeleweka na kutangazwa kabla ya msimu, si mahindi kwa wingi na vingine kidogo. Chakula cha shule kinunuliwe kwa mkataba kutoka kwa wakulima wa wilaya ileile, na kiwe na maharage kila siku ya masomo. Udhibiti wa kwelea kwelea uingizwe kwenye bajeti kama tunavyoingiza ruzuku ya mbolea. Mtama tayari umeonyesha kuwa una wakulima pale viwanda vya bia vilipoanza kuununua. Kama unaweza kulimwa kwa ajili ya chupa, sioni kwa nini usilimwe kwa ajili ya bakuli la mwanafunzi.

Najua pingamizi moja zito: serikali ikiingia sokoni hivyo tutarudia ya NMC, madeni kwa wakulima na gharama za maghala zisizolipika. Sina jibu la kulifuta hilo kwa sentensi moja. Walio Kongwa, Manyoni na Iramba wanaolima mtama leo watuambie: ni bei gani na malipo ndani ya siku ngapi yangewafanya waongeze ekari? Na wanaosimamia chakula shuleni, kikwazo chenu ni bei, wapishi, au wazazi kukataa? Karibuni.