Majaribio ya kiotomatiki kwa programu ndogo ya kubadili majina ya faili: nianzie wapi?

kamera_mwanza

Habari za leo wakuu. Mimi ni mpiga picha wa harusi na sendofu hapa Mwanza. Nimeandika programu ndogo ya Python ya kutumia kwenye teminali. Tukitoka kwenye shughuli tunanakili kadi mbili kwenye folda mbili, A na B, na programu inazikusanya picha zote kwenye folda moja huku ikizipa majina mapya: DSC_0001.JPG inakuwa 2025-06-14_sendofu_0001.jpg. Kamera zote mbili zinahesabu hadi 9999 kisha zinaanza upya, kwa hiyo majina yanayofanana ni jambo la kila wiki.

Kwangu, kwenye Linux, inafanya kazi. Sasa mwenzangu anataka kuitumia kwenye Windows, na kijana anayetuhaririia picha ana Mac. Sherehe hairudiwi ili upige picha upya, kwa hiyo sitaki kuwapa mpaka niwe na majaribio ninayoweza kuyaendesha kila nikigusa msimbo. Nimeanza na pytest, zana ya Python ya kuendesha majaribio. Mwongozo mmoja unashauri niweke os.rename (fanksheni ya Python ya kubadili jina la faili) ya kuigiza, isiyogusa diski, kisha nithibitishe tu kwamba imeitwa kwa majina sahihi. Hiyo inatosha? Programu yenyewe ni faili moja, na ndani kuna kitanzi kimoja kinachosoma folda, kutunga jina na kubadili hapohapo.

mtunza_nyaraka

Haitoshi mkuu, na nakuomba sana usiishie hapo. Kazi yangu ni kutunza rekodi za sauti zilizohamishwa kutoka kwenye kaseti, maelfu ya faili, na kitu kimoja tu ndicho kinachonikosesha usingizi: faili kufunikwa na nyingine kimyakimya. Kwenye Linux, os.rename ikikuta faili lenye jina lilelile inalifunika bila kusema neno. Kwenye Windows inakataa na kutoa FileExistsError. Ile ya kuigiza haijui tabia hizo zote mbili. Itakwambia imeitwa vizuri, na jaribio litapita wakati picha imeshakwenda.

Kabla ya kuandika jaribio lolote, vunja hicho kitanzi. Upande mmoja uwe na fanksheni ya kupanga: inapokea orodha ya majina na kurudisha jozi za jina la zamani na jipya, bila kugusa diski. Upande wa pili iwe ya kutekeleza: inapokea mpango na kuufanya. Ya kupanga utaijaribu kwa mifano mingi upendavyo, maana ni maneno kuingia na maneno kutoka. A na B zote zina DSC_0001.JPG, je, namba mpya zinatofautiana? Folda tupu je? Faili lisilo na kiendelezi?

Ya kutekeleza ijaribu kwenye diski halisi. pytest inakupa tmp_path, folda mpya ya muda kwa kila jaribio. Huhitaji picha za kweli, weka mistari ya maneno tu, lakini kila faili liwe na maneno yake, la sivyo hutajua lipi limefunika lipi (JinaLipo hapa ni hitilafu unayoitunga mwenyewe):

```
def test_haifuniki_picha(tmp_path):
    (tmp_path / "DSC_0001.JPG").write_text("kamera A")
    (tmp_path / "sendofu_0001.jpg").write_text("ilikuwepo")
    kabla = sorted(f.read_text() for f in tmp_path.iterdir())

    with pytest.raises(JinaLipo):
        tekeleza(tmp_path, [("DSC_0001.JPG", "sendofu_0001.jpg")])

    baada = sorted(f.read_text() for f in tmp_path.iterdir())
    assert kabla == baada
```

Hiyo kabla na baada iweke karibu kila mahali. Majina yabadilike, yaliyomo yabaki yote.

Kisha jaribu mpango unaojikanyaga: 0001 iwe 0002, na 0002 iwe 0003. Au mawili yabadilishane majina. Ukitekeleza kwa mpangilio wa orodha utakwama au utapoteza. Dawa yake ni hatua mbili: yote yapewe majina ya muda kwanza, ndipo yapewe ya mwisho.

linux_pwani

Nyongeza kwa upande wa majina. Ukibadili Picha.JPG kuwa picha.jpg kwenye Windows au Mac ya kawaida, ukaguzi wako wa "jina lipo?" utajibu ndiyo, kumbe ni faili lilelile. os.path.samefile itakutofautishia. Saa usiandike 14:30, nukta mbili Windows haizikubali.

Na kwa kuwa uko Mwanza, bibi harusi anaweza kuitwa Ng'washi. Simu nyingine huweka kiapostrofi kilichopinda badala ya kilichonyooka. Kwa macho ni jina moja, kwa kompyuta ni mawili. Fanksheni ya kupanga ichague kimoja, nawe uwe na jaribio linaloingiza vyote viwili. Hicho kilichopinda kinakula baiti 3 kwenye UTF-8 (namna ya kuhifadhi herufi), na ext4, mfumo wa faili wa Linux, inaruhusu baiti 255 tu kwa jina.

kamera_mwanza

Asanteni sana. Nimevunja kitanzi, na msimbo sasa unasomeka kuliko mwanzo. Mawili yamebaki: amri yenyewe, ile ninayoandika kwenye teminali, nayo niijaribu? Na umeme ukikatika katikati ya kazi?

mtunza_nyaraka

Amri ijaribu kidogo tu, kwa subprocess, sehemu ya Python inayoendesha programu nyingine. Ikifanikiwa irudishe sifuri. Folda isipokuwepo irudishe namba nyingine, na ujumbe uende stderr, njia ya ujumbe wa makosa. Ukiwa na chaguo kama --onyesha la kuona mpango bila kutekeleza, hakikisha folda inabaki vilevile kabisa.

Kukatika kwa umeme ndiko pekee ninakokubali kuigiza. Fanya tekeleza ipokee fanksheni ya kubadili jina kama kigezo, kisha kwenye jaribio ipe inayotoa hitilafu ikifika faili la tatu. Mpango uwe umeshaandikwa kwenye faili kabla ya kazi kuanza, na jaribio lithibitishe kwamba ukiwasha tena programu inaendelea ilipoishia. Halafu yote yaendeshwe kwenye mifumo mitatu. GitHub Actions, huduma ya mtandaoni ya kuendesha majaribio, ina mashine za Ubuntu, Windows na Mac, huna haja ya kuazima laptopu ya mtu.

linux_pwani

Mkuu, unapiga RAW (picha ghafi za kamera) pia? Kama ndiyo, DSC_0001.NEF, ambayo ndiyo RAW, na DSC_0001.JPG za kadi moja ni picha moja, lazima zitoke na namba moja. Ukihesabu faili mojamoja zitaachana, na huyo mhariri wako hatajua ipi ni ya ipi.

kamera_mwanza

Napiga, zote mbili kwa pamoja. Jaribio la jozi naliandika leo usiku, kabla ya shughuli ya Jumamosi.