Hivi vikokotoo vya umbali wa ndege vinakokotoa nini hasa?

Wakuu, leo natoa povu, mnivumilie.

Januari nilikuwa na safari ya London kwenda Tokyo, halafu niunganishe Sapporo. Nikakuta ofa ya kutoka Haneda (uwanja wa ndege wa Tokyo) kwenda Sapporo, ndege ya saa 1:30 asubuhi, ofa inaisha usiku uleule na ukishalipa hela hairudi. Ndege ya London nilijua inaondoka saa 3 asubuhi. Kilichobaki ni kujua nitatua saa ngapi. Nikaingia kwenye tovuti moja ya kukokotoa umbali, nikajaza viwanja viwili, ikanitemea: kilomita 9,600, masaa 10 na dakika 40. Nikajumlisha, nikaongeza yale masaa 9 ambayo Tokyo imetangulia, nikapata saa 10:40 alfajiri. Muda tele! Nikalipa.

Kesho yake nakata tiketi kubwa, naona kutua ni saa 2 asubuhi. Masaa 14! Yaani ya Sapporo itakuwa imeshapaa nusu saa nzima.

Najua mtakuja na "ungeangalia ratiba kwanza". Sawa, uzembe huo ni wangu na nauli imeshayeyuka. Ila nilichogundua baadaye ndicho kimenipandisha hasira. Nilichukua simu nikagawanya 9,600 kwa 900. Jibu: masaa 10 na dakika 40, bila kupungua hata dakika. Kumbe ndiyo hesabu yote! Wanavuta kamba juu ya tufe kutoka uwanja hadi uwanja, wanagawanya kwa mwendo wa ndege ikiwa imeshatulia angani, wanakuandikia "muda wa safari". Kutambaa hadi njia ya kurukia, foleni, kupanda, kushuka, vyote havimo.

Na hiyo kamba ya London–Tokyo inapita wapi? Siberia. Tangu Februari 2022 anga la Urusi limefungwa kwa mashirika ya Ulaya, na ya Japani nayo hayapiti huko. Ndege zinazunguka kusini kupitia Uturuki, Asia ya Kati na China, na wakati wa kurudi nyingine zinakatiza Alaska na Greenland. Safari ya masaa kama 12 imekuwa 14. Hilo si siri, ni miaka sasa, ila kikokotoo bado kinapita Siberia kama kina kibali chake.

Nikageuza, Tokyo–London. Masaa yaleyale! Kwao upepo haupo. Jaribu London–New York, kilomita kama 5,550: wanakupa masaa 6 na dakika 10 kwenda, na yaleyale kurudi. Wakati Februari 2020 kuna ndege ya abiria ilitoka New York ikasukumwa na upepo wa juu hadi London kwa masaa 4 na dakika 56, na anayekwenda upande wa pili akipigana na upepo huohuo anakaa kitini karibu masaa 8. Hiyo 6:10 ni ya nani?

Mngeandika "umbali wa mstari" mkaishia hapo, nisingekuwa na ugomvi na mtu. Nimewatumia barua pepe mara mbili. Nimejibiwa "asante kwa maoni yako". Jana usiku nimeingia tena kuchungulia: London–Tokyo, masaa 10 na dakika 40.