Wageni wakija, ni mwenyeji yupi anayeumia?

Tangu amri ya Julai 2025 iwakataze wasio raia aina 15 za biashara nchini Tanzania, zikiwemo uwakala wa pesa kwa simu, ufundi simu na kuongoza watalii, tunabishana kana kwamba wenyeji ni kundi moja. Huyu anasema wageni wanatumaliza, yule anasema wanaleta mtaji. Mimi nauliza: wanammaliza nani, wanamletea nani?

Kagera ilishatujibu. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wa Kinyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya takribani saa 24, wakaingia Ngara. Walipewa mgawo wa mahindi na maharage, ila walihitaji pia ndizi, kuni na shilingi za mkononi. Basi wakaingia vijijini kutafuta vibarua, wakalima na kupalilia kwa ujira ambao mwenyeji alikuwa akiukataa. Ujira ukaporomoka, bei ya ndizi na maziwa ikapanda.

Mwenye migomba na ekari za kutosha aliuza kwa bei nzuri huku akilimiwa kwa bei rahisi, akapanua shamba. Jirani yake anayeishi kwa kulima mashamba ya watu alikosa kibarua wakati uleule chakula kilipopanda bei. Wote Watanzania, kijiji kimoja! Wachumi waliofuatilia kaya za mkoa huo kwa miaka mingi waliona wenyeji wa maeneo yaliyopokea wakimbizi wakipungua kwenye kazi za kuajiriwa na kurudi kulima kwao. Asiye na pa kurudi alirudi wapi?

Hasara tupu haikuwa, lazima tuseme kweli. Wanyarwanda walirudishwa Desemba 1996, lakini barabara zilizotengenezwa kwa ajili ya misaada zilibaki, na utafiti ulionyesha kaya za huko ziliendelea kunufaika nazo.

Kariakoo ni hivyohivyo. Mgeni mwenye mtaji akitaka fremu, mwenye jengo anapandisha kodi na kilemba, yaani malipo ya kuachiwa fremu. Mmachinga aliyekuwa akinunua jumla na kuuza rejareja anamkuta mwagizaji yuleyule akiuza rejareja pembeni yake. Mmachinga huyo anastahili kulindwa, na ninaiunga mkono amri kwa sababu yake. Ni vyema pia kwamba inamwadhibu raia anayemsaidia mgeni kuivunja. Lakini katazo halimpi mtaji. Na wageni wenye vibali halali bado wataendelea kuja, wenye majengo wataendelea kuvuna.

Pendekezo langu: sehemu ya ada za vibali vya kazi na ukaazi iongezwe kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kukopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ianzie kwenye kata zenye wageni wengi. Anayepinga anieleze pesa ya kumfikia mmachinga itoke wapi.