Jarida la wazazi la kufungua shule Januari: liandikweje hapa Dodoma?

Kutoka: Mama watatu, Ilazo

Hamjambo ndugu zangu. Sisi tuliotoka Mombasa tumezoea mihula mitatu, hapa ni miwili, na kamati ya wazazi imenikabidhi jarida la kufungua shule. Ni shule ya msingi ya binafsi, familia 240, nyingi zina zaidi ya mtoto mmoja. Tuna bajeti ya karatasi moja ya A4 pande zote mbili, pamoja na ujumbe wa simu. Jarida lililopita lilijaa salamu za viongozi, na wazazi bado wakapiga simu kuuliza shule inafunguliwa lini. Naomba wenye uzoefu mniambie kinachoingia, kinachotolewa, na mahali mambo yanapoharibika.

Kutoka: Baba wa Kikuyu

Hatujambo dada, karibu Makao Makuu. Mimi ni wa hapahapa Dodoma, mtaa wa Kikuyu.

Anza na lile lililowafanya wapige simu. Nusu ya juu ya ukurasa wa kwanza ibebe mambo manne tu: siku ya kufungua, saa ya kufika na ya kutoka, anachobeba mtoto, na pa kuuliza. Bila picha, bila nembo kubwa. Kitu cha namna hii:

*Shule inafunguliwa Jumatatu, tarehe … Januari. Mtoto awe getini saa 1:15 asubuhi. Wiki ya kwanza wanatoka saa 6:30 mchana. Aje na daftari zote za darasa lake, rimu 1 ya karatasi A4 na chupa ya maji yenye jina. Maswali: ofisi ya shule, saa 2:00 asubuhi hadi saa 9:00 alasiri.*

Kwenye saa ndipo watu wanapoumia. Ratiba ya shule ya mchepuo wa Kiingereza huwa imeandikwa 7:15, anayenakili anaandika "saa 7:15 asubuhi", na mzazi anabaki hajui kama ni saa moja au saa saba. Kila saa uiandike kwa Kiswahili na neno lake la asubuhi, mchana au jioni. Tarehe nayo iandikwe pamoja na jina la siku, kisha ukague kwenye kalenda kwamba vinaoana. Kwa mgeni kuna mtego mwingine: tarehe 12 Januari ni Sikukuu ya Mapinduzi, na inaangukia karibu sana na kufungua shule. Usipange kikao wala siku ya kupokea vitabu hapo. Katika kalenda ya muhula wa kwanza weka pia 7 Aprili (Karume), 26 Aprili (Muungano), Mei Mosi na Pasaka. Idd iandike "kutegemea mwandamo wa mwezi", usiifunge kwa tarehe moja.

Orodha ya vifaa iandikwe kwa jinsi mzazi atakavyoulizwa dukani. "Kaunta buku 4" haimsaidii, kwa sababu atakutana na 2Q yenye kurasa 192 na 3Q yenye kurasa 288, na bei zinatofautiana. Andika "kaunta buku 4 za 2Q". Daftari za wadogo zitajie mistari: mikubwa, ya kawaida, au miraba ya hesabu. Ukiandika "mkebe" wa vifaa vya hesabu, sema ni kuanzia darasa la ngapi, la sivyo mama wa mtoto wa darasa la kwanza ananunua bikari ya kuchomana.

Kwenye sare sina huruma: tenganisha kinachotakiwa siku ya kwanza na kinachoweza kusubiri. Januari ni msimu wa mvua lakini si wa baridi. Baridi ya Dodoma, ile ya upepo, inakuja Juni na Julai, kwa hiyo hakuna sababu ya kumbana mzazi na sweta katika mwezi huohuo wa ada. Viatu na sare ya darasani vinatosha. Na kwa kuwa mafundi cherehani wanazidiwa wiki ya mwisho kabla ya kufungua, jarida litoke katikati ya Desemba, familia hazijasafiri kwa Krismasi. Wiki moja kabla ya kufungua tuma ukurasa mmoja tu wa marekebisho, juu uandikwe "KILICHOBADILIKA", na usirudie yasiyobadilika.

Gari la shule lipewe jedwali lake: kituo, saa ya kuchukua, saa ya kushusha. Kituo kiitwe kwa jina ambalo bodaboda anakijua, si namba ya kitalu. Mvua kubwa ikinyesha makorongo yanajaa ghafla na njia nyingine hazipitiki, kwa hiyo kila njia iwe na kituo mbadala kilichotajwa mapema.

Ada: andika jina la akaunti herufi kwa herufi kama litakavyotokea kwenye simu, kisha chini yake sentensi moja: "Jina likitokea tofauti, usiweke namba ya siri, piga ofisini." Namba za malipo zikibadilika zitangazwe na ofisi kwa barua yenye muhuri, siyo kwa ujumbe uliosambazwa kwenye kundi.

Salamu za mwenyekiti? Mistari mitatu, ukurasa wa mwisho. Atanuna siku mbili.

Matokeo ya watoto yasiingie. Tangu 2023 NECTA (Baraza la Mitihani) wenyewe wameacha kutangaza shule na wanafunzi waliofanya vizuri zaidi, sasa jarida la wazazi linapanga nafasi za watoto wa darasa la tatu kwa sababu gani? Picha ya mtoto itumike kwa idhini ya maandishi ya mzazi, na usiweke pamoja picha, jina kamili, darasa na kituo cha gari. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Fomu ya idhini iwe kipande cha chini cha jarida chenye mstari wa kukatia, ila nyuma ya kipande hicho pasiwe na jambo la kutunza. Ukichapa kalenda nyuma yake, mzazi anairudisha shuleni pamoja na fomu.

Kutoka: Dada wa steshenari, Makole

Naongezea ya uchapaji, maana kaka kayapita.

Familia 240, chapa nakala 260. Zinazozidi ni za ofisi na za wanaohamia. Apewe mtoto mdogo kuliko wote wa kila familia. Ukigawa kwa mwanafunzi utachapa karibu mara mbili, na nyingine utazikuta zimekuwa ndege za karatasi uwanjani. Kwa idadi hiyo uliza bei ya risografu (mashine ya kuchapa nakala nyingi) kabla ya fotokopi. Risografu unalipia masta (kielelezo cha kuchapia) mara moja, kisha kila nakala inashuka bei. Kwa nakala thelathini haina maana, kwa mia mbili na kitu ina maana kubwa.

Ukikunja A4 katikati unapata kurasa nne za A5. Upande wa nje: ukurasa wa 4 kushoto, wa 1 kulia. Upande wa ndani: wa 2 na wa 3. Mwambie mchapaji apindue kwa upande mfupi. Akipindua kwa upande mrefu, ndani kunatoka kichwa chini. Atoe nakala moja kwanza, uikunje mwenyewe hapohapo mezani, ndipo aendelee. Pembeni acha sentimita 1.5, herufi zisishuke chini ya 11. Maandishi ya njano au bluu ya maji hufifia kwenye nyeusi na nyeupe, na picha za kundi hutoka masizi matupu.

Sasa ujumbe wa simu, dada yangu, hapa pana hela. Ujumbe mmoja wa kawaida ni herufi 160, nafasi zikihesabiwa. Lakini ikiingia alama moja tu isiyo ya kawaida, kikomo kinashuka hadi 70. Emoji inafanya hivyo, na kinachofanya hivyo bila kuonekana ni kile kialama cha juu kwenye Chang'ombe au ng'ombe. Ukiandika kwenye Word, programu inakigeuza kiwe kilichopinda. Ukinakili maandishi hayo kwenye mfumo wa kutuma, ujumbe wa herufi 150 unakatwa vipande vitatu, na kwa familia 240 unalipia 720 badala ya 240. Dawa yake ni kukifuta na kukiandika upya ndani ya mfumo wenyewe, kisha uangalie kihesabio kabla ya kubonyeza tuma.

WhatsApp tuma faili la PDF, na juu yake yale mambo manne kama maandishi ya kawaida, kwa wasio na bando la kupakua. Usipige picha ukurasa ukatuma kama picha. Unabanwa na herufi hazisomeki. Kundi la matangazo lifungwe, waandike wasimamizi tu.

Kutoka: Mwalimu mstaafu, Chamwino

Wanangu, mmeandikia shule za mjini zenye ada. Wapo humu wenye watoto shule za serikali, nao jarida lao lina tofauti mbili tatu.

Elimu ni bila ada, kwa hiyo mchango wowote uandikwe kuwa ni wa hiari, na kiwango kisiandikwe kabla ya kikao cha wazazi kuridhia na mwalimu mkuu kuthibitisha kibali. Msiandike kamwe "asiyelipa asije". Kwa chakula cha mchana andikeni kilo, msiandike debe. Debe la msawazo na debe la kilele si kitu kimoja, na ugomvi wa stoo huanzia hapo. Tajeni siku ya kupokea na jina la cheo cha anayepokea na kutoa stakabadhi.

Kikao: Januari watu wako shambani tangu alfajiri, na Jumamosi wengi wa upande wa Msalato wako mnadani. Wekeni alasiri ya siku ya kazi, saa 9:30, na muandike na saa ya kumaliza. Asiyesoma asisahauliwe: sauti ya dakika moja na nusu kwenye simu, yenye mambo manne ya juu tu, na viongozi wa UWAWA, chombo cha pamoja cha wazazi na walimu, wayaseme pia kwenye vitongoji.

Kutoka: Mama watatu, Ilazo

Shikamoo mwalimu, na ahsanteni kaka na dada. La mwisho: kamati inataka Kiingereza upande mmoja na Kiswahili upande wa pili. Ni sawa?

Kutoka: Baba wa Kikuyu

Itakula nafasi yote, na tarehe ikibadilika utairekebisha upande mmoja usahau mwingine. Jarida liwe la Kiswahili. Kwa wazazi wasiokisoma, toa ukurasa wa pekee wenye kalenda, saa na ada, nakala kumi na tano zikae ofisini. Masuala ya vibali vya watoto wa wageni usiyaeleze kabisa humo, waelekeze Uhamiaji.

Kabla ya kuchapa, usimpe mtu mmoja akague yote. Tarehe akague mwalimu wa taaluma, akaunti mhasibu, vituo msimamizi wa magari, kila mmoja asaini pembeni ya sehemu yake kwenye nakala ya rasimu, na rasimu hiyo uitunze kwenye faili hadi muhula uishe.