Ufukwe wa Kigoma umekuwa wa kiingilio, sisi wa hapa tuanike dagaa wapi?

Wakuu, nimekaa na hili tangu Jumapili, leo limenishinda.

Nilimsindikiza mama mdogo na beseni la dagaa wabichi, saa kumi na mbili asubuhi, mitumbwi ndiyo kwanza inatia nanga. Pale alipoanika miaka yote tukakuta uzio wa mabati umeshuka mpaka majini. Majini kabisa, nguzo ya mwisho inapigwa na mawimbi. Mlinzi, kijana wa hapahapa, anasema: "Shikamoo mama. Hapa ni wageni wa hoteli tu. Mkitaka kuingia ni elfu tano kila mmoja." Alichojibiwa sikiandiki, mods watanila ban.

Sasa dagaa hawangoji mtu. Jua likipanda hujaanika, jioni wameshaanza kukatika na kunuka, mnunuzi wa Dar hawagusi. Tukaishia kuanika kando ya barabara, bodaboda zinatutimulia vumbi, na hapo bwana afya akipita wachafu ni sisi! Kuna mgeni, nadhani alikuwa anaelekea Gombe kuona sokwe, alisimama akampiga mama mdogo picha. Katoka hotelini humohumo.

Sipingi hoteli, vijana wetu wanapata kazi. Ila Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Nimehesabu hatua kutoka baa yao hadi majini: kumi na nne. Mzee jirani yetu kibanda chake cha nyavu kilivunjwa kwa mita hizohizo 60. Au mita ya tajiri ni ndefu kuliko yetu?

Na 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, 15 Mei hadi 15 Agosti, tuliambiwa samaki wazaliane. Tukatii, tukala maharage miezi mitatu. Kumbe tulikuwa tunaachia na mchanga.

Serikali ya mtaa wananiambia niende halmashauri, halmashauri wananiambia nirudi mtaani nikaandikiwe barua. Aliyewahi kufuatilia suala la namna hii anielekeze ni mlango upi hasa, maana giza, ambalo ndilo la kuvulia dagaa, bado lina siku kama kumi kabla mbalamwezi haijarudi. Kesho alfajiri mitumbwi inaingia tena, na beseni liko palepale mlangoni.